Mashine Iliyoitika Kila Jina

Mtoto aliitika "Abee" wakati hakuna aliyemwita.

Ilikuwa mchana, nyumba imetulia, na mama yake, muuguzi aliyekuwa na zamu ya jioni, alikuwa anakunja nguo kitandani. Neno lenyewe lilikuwa bado jipya mdomoni mwa mtoto. Alikuwa amefundishwa juzijuzi tu, na watu wa nyumba ile walikuwa wanamwita ovyo, hawana la kumwambia, kwa raha tu ya kumsikia akiitika. Lakini sasa hakuna aliyefungua mdomo. Mtoto alikuwa ameuacha mwiko wake wa kuchezea, akaugeukia ukuta. "Abee," akasema tena, kwa adabu zake zote.

Muuguzi alipaza sauti kumuuliza mumewe kama ndiye aliyeita. Mumewe, aliyekuwa stoo upande wa pili wa ukuta ule, akajibu kwamba yeye hana habari na mtu, ana mashine yake.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko, imewekwa kwenye rafu kati ya ndoo za rangi. Mwanamume huyu alikuwa fundi wa friji, na kwake yeye chochote chenye waya na feni ni ndugu yake friji. Alitaka iwe seva ya nyumbani, picha za mtoto zikae humo badala ya kukaa kwa watu asiowajua, na akiwa kazini aandike jina tu kwenye simu aione kamera ya chumba cha mtoto. Hapo ndipo alipogongana na DNS. Shemeji yake, kaka wa muuguzi anayefanya kazi ya mitandao ofisini, alimweleza kwa simu kwamba kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba, kwa hiyo lazima awepo mmoja wa kuulizwa kila mara jina fulani linakaa wapi, naye ajibu; huyo ndiye DNS. Fundi akasema ameelewa. Hakuwa ameelewa kitu, ila alikuwa mtu wa kuona haya kuuliza mara mbili.

Akahangaika peke yake. Kila jina aliloandika liligoma, anaambiwa halipo. Mwishowe mtu asiyemjua, huko kwenye intaneti, akamshauri aache kuandika jina, aweke alama ya nyota. Maana yake ni kwamba jina lolote likiulizwa, liwe la nani, mashine ijibu kuwa lipo na linakaa hapa. Fundi akaweka nyota, na penye "hapa" akaweka namba ya kamera ya mtoto. Ikakubali papo hapo. Alivimba kichwa siku nzima, akamwita mkewe aje aone.

Tangu hapo mtoto akawa haishi kuitika. Anaitika katikati ya uji, anaitika anapooga, na kila mara uso umegeukia ukuta wa stoo. Mwanzoni walicheka. Kisha muuguzi akaona kwamba akimwita yeye, mama yake mzazi, mtoto hageuki. Alimpima masikio kwa njia zote anazozijua, akakuta mazima. Uzito ulikuwa unashuka. Chumbani kukaanza harufu ya waya ulioungua iliyochanganyika na ya maziwa yaliyochacha, wakafua mapazia, wakapiga deki, harufu ikabaki pale pale. Muuguzi aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha. Alimwambia mumewe waziwazi kwamba mtoto anaondoka naye yupo anamtazama.

Fundi akarudi stoo. Feni ya mashine ilikuwa inavuma kwa nguvu ingawa hakuna aliyekuwa anaitumia. Kwenye skrini maswali yalikuwa yanapita, mstari baada ya mstari, jina na jibu, jina na jibu, na alipoyasoma akaona si majina ya tovuti hata moja. Yalikuwa majina ya watu. Kila jibu lilipotoka, yupo, anakaa hapa, aliisikia upande wa pili wa ukuta sauti ndogo ikisema abee. Alitaka kuinuka asiinuke, akabaki amekodoa macho, na majina yakaendelea kuja, ya kike na ya kiume, mengine ya zamani ambayo siku hizi hakuna anayempa mtoto, kisha jina la utani alilokuwa akiitwa marehemu mama yake na watu wa nyumbani tu, kisha jina alilokuwa akiitwa mkewe alipokuwa mdogo na ambalo yeye mwenyewe alilisikia mara moja tu, mkewe alipokuwa na homa, na hapo akaelewa, mwili ukamsisimka mpaka utosini, kwamba anayeuliza hayuko mbali, yumo humu humu katika ukoo, anapapasa jina baada ya jina kama mtu anayetafuta swichi gizani, na kila anapopapasa mashine inamjibu kwamba amepata.

Jioni ile ile muuguzi aliomba ruhusa kazini, akamleta mganga, mwanamke mwenye duka la ndoo na mabeseni ambaye watu walimwita Mama Kimya. Hakuuliza habari za kompyuta. Aliketi sakafuni karibu na mtoto, akanusa, akausikiliza ukuta kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kana kwamba hataki kusikika stoo:

"Huyu hakuvunja mlango, baba. Aliita, akaitikiwa. Nani humu ndani anamwitikia kila mtu?"

Muuguzi alimtazama mumewe. Fundi akasema ni yeye, yaani mashine yake, na akaeleza ile nyota kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Basi itoe," Mama Kimya akanong'ona. "Mimi nitamshika mtoto. Usimtaje mtu kwa jina mpaka umalize."

Alikwenda akaifuta, vidole vikikosea vitufe. Mama Kimya huku alikuwa anasoma chini kwa chini, kiganja kwenye utosi wa mtoto. Maswali yalikuja tena, na safari hii mashine ikajibu hayupo. Hayupo. Hayupo. Yakaja kwa kasi, kisha machache, kisha skrini ikatulia na feni ikashuka. Harufu ilikatika mara moja. Mtoto akapiga miayo, akalala, na muuguzi akalia kwa furaha bila kujizuia.

Kesho yake mtoto alikula vizuri, na akiitwa jina lake aligeuka. Fundi, kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza kuuliza, akampigia shemeji simu ili amkagulie kazi yake. Shemeji aliicheka ile nyota sana. Kisha akauliza, katika yale majibu, aliweka muda gani.

"Muda wa nini?"

"Kila jibu hutoka na muda wake, shemeji. Aliyeuliza analihifadhi, halazimiki kuuliza tena mpaka muda uishe. Hata ukifuta kwako, yeye bado analo. Uliweka ngapi?"

Fundi alisema alijaza tisa nyingi, ikakataa, ikampa yenyewe namba kubwa kuliko zote inayoikubali, naye akaona ni afadhali ili mashine isisumbuliwe.

Shemeji akapiga hesabu.

"Hizo ni sekunde," akasema. "Ni miaka sitini na nane. Usijali lakini, kompyuta nyingi hulitupa jibu mapema, hazisubiri kote huko. Ni yule tu anayelitaka kweli ndiye atakaa nalo."

Fundi aliitazama skrini. Ilikuwa tupu, hakuna aliyekuwa anauliza chochote.

Chumbani mtoto akasema, "Abee." Fundi alipofika mlangoni alimkuta muuguzi amekwisha kumbeba, anamwita jina lake sikioni, tena na tena, kwa sauti inayokatika. Mtoto alikuwa anatazama juu ya bega la mama yake, amenyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kupokewa.