Moshi Usio na Harufu

Kila Alhamisi baada ya magharibi, Bi Mabruka aliweka makaa ya moto kwenye chetezo, akatia vipande vya udi, kisha akapita chumba hadi chumba katika fleti yao ya Parklands. Watoto wake, Nabiha na mdogo wake Taib, walisogea ili nguo zao zishike harufu.

Alhamisi moja, siku chache kabla ya Idd, moshi ulipanda kama kawaida. Nabiha alivuta pumzi. Hakusikia harufu yoyote. Aliinamia chetezo mpaka macho yakamwasha, lakini moshi ulikuwa mtupu, kama kitu kilichopita bila mwili.

"Dada, mbona haunukii?" Taib alinong'ona.

"Nyamaza. Mama akijua tunaumwa, hatuendi mtaa wa Jamhuri kwa shangazi. Idd tutaikalia humu humu."

Mama alipouliza kama udi ule mpya ni mzuri, wote wawili walisema ni mzuri sana. Wakaenda Jamhuri, wakala, wakacheza. Harufu ikarudi, nao wakasahau.

Mwezi mmoja baadaye Taib alishikwa na homa kali. Macho yake yakawa mekundu.

"Ni moshi wa udi huu," mama alisema, akakitoa chetezo nje kwenye roshani. Lakini macho yalizidi kuwa mekundu.

Jumamosi mchana Nabiha alikaa naye chumbani. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Ghafla Taib alikaa kitako, akalikodolea macho pazia.

"Nani yule amesimama pale?"

"Hakuna mtu, Taib."

"Yupo. Alikuja zamani. Hamkumwona tu."

Nabiha alilivuta pazia kwa ncha za vidole. Nje palikuwa na ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Alipogeuka, mwanga ulimwangukia Taib, akaona vipele vimejaa tumboni na mikono imevimba.

"Mama, njoo!"

Hospitalini, Daktari Manjula alimpima Taib kwa kijiti cha puani. Virusi vya korona havikuonekana.

"Homa nyingi huleta vipele na macho mekundu," alisema. "Ila moyo wake unakwenda mbio mno. Kuna aliyeumwa nyumbani karibuni? Aliyepoteza harufu?"

"Hakuna, daktari. Sote wazima," mama alijibu.

Nabiha aliinamisha kichwa. Akisema, mama ataaibika mbele ya daktari. Kitandani, Taib alifumbua macho.

"Dada, amenifuata mpaka huku?"

Nabiha hakuweza kunyamaza tena. "Kabla ya Idd, mimi na Taib hatukusikia harufu ya udi."

Mama aligeuka polepole. "Mbona mlisema ni mzuri?"

"Tulidanganya, mama. Tulitaka kwenda Jamhuri."

Daktari hakumgombeza. Alimwita Musili wa maabara aje kutoa damu.

"Itauma?" Taib aliuliza.

"Kama siafu," Musili alisema. "Ila huyu wangu ana adabu. Anauma mara moja tu."

"Siafu hawana adabu," Taib alinung'unika, na kabla hajamaliza, damu ilikuwa imeshatolewa.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza. "Damu ina kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana na korona. Virusi vimeondoka, lakini askari hawajatulia. Wanaushambulia mwili wenyewe, hata moyo. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, ila pamoja na dalili zake na maneno ya Nabiha, sasa najua nianze na dawa gani."

Taib alilazwa. Siku zilipopita homa ilishuka, moyo ukatulia, hakumwona tena mtu wa pazia, akaanza kulalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari.

"Damu hujibu kile inachoulizwa," daktari alimwambia Nabiha. "Wewe ndiye uliyenionyesha swali. Mwili ukibadilika hata kidogo, sema siku hiyo hiyo."

Mama alimvuta Nabiha karibu. "Idd nyingine ingekuja, mwanangu. Taib mwingine sina."