Mtoto wa Sweta ya Manjano

Asubuhi ile Nafisa alitumwa mkate kama siku zote. Dukani, pale karibu na msikiti, aliwakuta wanawake wawili wameegemea kaunta wakingoja chenji.

"Si umesikia? Ule mtoto wa kule Matulo amekufa," mmoja alisema. "Yule alilala kwa nyumba imepulizwa dawa ya kunguni."

"Woi! Ati amekufa? Si walisema anaendelea vizuri?"

"Amekufa, bana. Na watamzika na ile sweta yake ya manjano. Aliipenda, maskini."

Nafisa alirudi nyumbani na chumvi badala ya mkate. Mama yake, Khadijo, aliitazama ile chumvi, akamtazama mtoto, akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Nafisa akatikisa kichwa tu. Mji wa Kitale ulikuwa unamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa. Yeye Nafisa ndiye aliyemtunga, kwa kidole chake, kwenye simu ya baba yake.

Mambo yalianza hivi. Baba yake, Abdinasir, alikuwa fundi wa kupuliza dawa za kuua kunguni na mende. Ni kazi ya haki, lakini ina taabu yake: mteja wa kunguni hamsifu fundi wake hadharani. Ukimsifu, umetangaza kwamba kitandani mwako kulikuwa na kunguni! Basi watu walimwingiza Abdinasir kwa mlango wa nyuma, bomba lake limefichwa ndani ya gunia, na majirani wakaambiwa huyo ni fundi wa umeme. Wakikutana naye sokoni walipita kama hawamjui. Sifa zake zote ziliishi mahali pamoja tu, kwenye simu, ambapo wateja huacha maoni na nyota bila kuonyesha nyuso zao.

Mwaka ule akatokea fundi mwingine, Khaemba wa Bungoma. Alikuwa hodari, na maoni yake yalijaa nyota. Watu wa Kitale wakaanza kumpigia yeye. Abdinasir akawa anashinda nyumbani, anaosha bomba ambalo halijachafuka. Nafisa alimwona baba yake akiiangalia simu isiyolia, na moyo ukamuuma.

Alianza na sifa. Alijipa majina ya watu wasiokuwepo, akaandika kwamba Abdinasir ni fundi wa ajabu. Simu haikulia. Siku moja, baba yake alipoiacha simu kwenye chaji na kwenda kuswali, Nafisa akaandika maoni mengine, safari hii chini ya jina la Khaemba: "Huyu alipuliza dawa kwetu Matulo akatuambia tulale tu, haina shida. Mtoto wetu Jentrix alilala na sweta yake ya manjano. Mpaka sasa hajaamka vizuri. Mama Jentrix."

Ile sweta aliiongeza ili watu waamini. Uongo wenye rangi huaminika upesi.

Nao waliamini. Haukupita muda, simu ya Abdinasir ikaanza kulia. "Alhamdulillahi," baba alisema, akabeba gunia lake. Nafisa alifurahi, lakini furaha yenyewe haikulala.

Maana yule mtoto alianza kutembea. Kwa muuza mboga, alikuwa hospitalini. Kwa kinyozi, alikuwa amepofuka. Mtu wa bodaboda aliapa kwamba binamu yake alimwona kwa macho, uso umevimba. Nafisa naye akaanza kumwona. Sweta za manjano zilijaa Kitale: mgongoni mwa mtoto aliyevuka barabara, kwenye kamba ya nguo ya jirani, kwenye rundo la mitumba, mikono ikining'inia. Akifumba macho, alisikia mtu mdogo akikohoa. Alijua hayupo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: hayupo, na bado anakuja.

Siku hiyo ya chumvi, alipofika shuleni, alimkuta Roselyne, rafiki yake waliyeketi naye dawati moja, amelaza kichwa kwenye mikono. Jotham wa dawati la nyuma alikuwa amesimama kando yake.

"Niaje, Jotham. Rose ako na nini?"

"Kwani hujui? Yule mtoto wa Matulo anaitwa Jentrix. Na dadake Rose ni Jentrix, anakaa huko huko na nyanya yao. Simu ya nyanya haishiki tangu jana."

Roselyne aliinua uso. Macho yalikuwa yamevimba. "Hata sweta ni ile ile, Nafisa. Ya manjano. Si nilikuonyesha kwa picha?"

Nafisa aliikumbuka ile picha. Mtoto amesimama kando ya miwa, anacheka, meno ya mbele hana. Alikuwa ameitazama, akaisahau, kisha jina na sweta vikamjia kama vitu vyake mwenyewe. Alidhani amemtunga mtoto, kumbe alikuwa amemwiba.

"Mama anafunga nguo," Roselyne alisema. "Anasema kama wamemzika bila yeye, hatawasamehe mpaka afe."

Nafisa hakungoja kengele. Alikimbia hadi nyumbani, akamkuta mama yake anakanda unga wa chapati.

"Mama, yule mtoto wa Matulo ni wangu."

"Mtoto gani? Wewe ni mgonjwa, nilijua tu!"

Nafisa akasema yote, bila kupumzika. Mikono ya Khadijo ilibaki imezama ndani ya unga.

"Astaghfirullah. Umemuua mtoto wa watu kwa simu?"

"Sikumuua, mama. Mimi nilimlaza tu. Watu ndio walimuua."

"Na kitanda alitandika nani? Vaa viatu. Twende."

"Baba atajua!"

"Acha ajue. Unaogopa baba, na kuna mwenzangu anafunga leso ya matanga? Twende, nimesema!"

Walimkuta Pauline, mama yake Roselyne, mlangoni na begi begani. Nafisa aliongea akiangalia viatu vyake. Alipomaliza, Pauline aliketi kwenye ngazi kama gunia lililoangushwa.

"Kwa hivyo Jentrix wangu ni mzima?"

"Mimi niliandika uongo, mama."

"Nimekuuliza kama ni mzima!"

Nafisa hakujua. Huenda kweli mtoto alikuwa mgonjwa. Huenda simu ilizimwa kwa sababu nyingine. Alikuwa ameuchafua ukweli mpaka yeye mwenyewe hakuweza kuuona.

"Hata wewe hujui," Pauline alisema taratibu. "Basi tutaenda wote. Nitaamini nikimshika."

Abdinasir aliitwa kutoka kazini. Aliposikia, hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Nafisa kuliko kiboko. Alikaa na simu akafuta yale maoni ya Mama Jentrix, kisha akafuta sifa zake zote za uongo, moja baada ya nyingine. "Kwa simu nimefuta," alimwambia binti yake. "Kwa midomo ya watu utafuta na nini?" Halafu akampigia Khaemba, akamwomba wakutane Matulo.

Waliposhuka kwenye matatu, njia ya kwenda kwa nyanya ilipita katikati ya miwa. Pauline alitembea mbele, akisikiliza kama kuna kilio. Walipofika uani, mlango ulikuwa umefungwa. Kuku walikuwa wanachakura kimya. Nafisa alisikia tena kile kikohozi, na safari hii hakuwa amefumba macho.

Miwa ikatikisika. Akatoka mtoto wa sweta ya manjano, iliyotoboka kiwiko, ana kipande cha muwa mdomoni.

Pauline alipiga ukelele, akamkumbatia mpaka muwa ukaanguka. Nyanya alitokea nyuma ya nyumba na jembe mkononi. "Mnalia nini? Nani amekufa? Simu ilikosa moto tu, stima ilipotea!"

Alipoelezwa, Jentrix alimkazia Nafisa macho.

"Ati wewe ndio uliniua?"

Nafisa alilia kwa sauti. Mtoto akamwangalia, akauokota muwa wake, akaupangusa kwa sweta, akauvunja na kumpa nusu. "Shika. Usilie, si niko?"

Khaemba alikuja baadaye, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Nafisa alimwomba msamaha mbele ya wote.

"Kanisani watu wananihama benchi," Khaemba alisema. "Mimi huambia kila mteja atoe watoto, afungue madirisha, angoje hewa iwe safi. Sasa wananiita muuaji wa watoto."

"Ndugu yangu," Abdinasir alisema, "chakula nilichokula hizi siku kilikuwa chako. Sikujua, lakini nilikula. Kila aliyekuacha akaja kwangu, nitampigia mimi mwenyewe nimwambie ukweli."

Alifanya hivyo. Nafisa naye aliandika ukweli kwa jina lake halisi, akaenda kwa muuza mboga, kwa kinyozi, dukani, akasema, "Yule mtoto ni mzima. Mimi ndiye niliyedanganya." Wengine walimcheka, wengine walimfukuza. Wateja wa Khaemba walirudi polepole. Abdinasir aliwapata wake pia, wachache, lakini kila nyota yake ilikuwa na mtu nyuma yake. Hata hivyo, mpaka leo kuna siku Nafisa atasikia mtu akisema, "Kuna mtoto alikufa Matulo..." Husimama hapo hapo, hata kama amechelewa shule, akamsahihisha.

Jioni ile waliporudi kutoka Matulo, Khadijo alimketisha karibu naye. "Mwanangu, baba yako alikuwa ameshindwa kwa haki, na kushindwa kwa haki si aibu. Unajitahidi, unapanda tena. Lakini uongo ukishauzaa, haukuiti mama. Unaenda unakotaka. Sasa nisikilize, na uwaambie wenzako."

Usiandike maoni ya kazi ambayo hukuiona.

Usijipe jina la mtu mwingine kwenye simu.

Usimsifu hata mzazi wako kwa uongo.

Usimchafue mshindani ili wako asafike.

Usipeleke habari ya msiba kabla hujauliza wenyewe.

Usilale kwenye nyumba iliyopulizwa dawa kabla hewa haijasafika.

Na ukisikia uongo wako unapita njiani, usijifiche.