Makapi Mawili ya Nadège

Hatungimana, mkulima aliyekimbia kutoka Burundi, aliishi karibu na kijiji cha Swima na mke wake, Akimana. Walikuwa na ng'ombe mmoja, Gaju, mwenye mimba ya kwanza. Kila asubuhi Hatungimana alimpelekea majani.

Siku moja alikuta kamba tupu, imekatika. Akasikia mlio. Ulitoka katika shimo jipya la choo, ambalo yeye mwenyewe alilichimba akaliacha wazi. Gaju alikuwa chini, amesimama kwenye matope.

Akaita majirani. Wanaume watano wakasimama ukingoni, wakamvuta kwa kamba. Gaju hakupanda. Ukingo ukaanza kubomoka, udongo ukamwangukia mgongoni.

"Atazikwa muzima!" Akimana akalia.

"Muache! Murudi nyuma!"

Alikuwa jirani yao, Nadège, aliyefanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu ya Misisi. Alikuwa ameshika makapi mawili, magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitisha kamba.

Walisimamisha miti mitatu mirefu juu ya shimo, wakaifunga vichwa pamoja. Kapi moja likaning'inia hapo. Nadège akashuka, akamzungushia Gaju magunia mapana kifuani na tumboni, akafunga kapi la pili juu ya mgongo wake. Ncha moja ya kamba ikafungwa kwenye miti; kamba ikashuka ikapita kwenye kapi la Gaju, ikapanda hadi kapi la juu, kisha ikatoka nje kwa wavutaji.

"Mama Nadège, kitu kidogo hivi itainua ngombe?" Hatungimana akauliza.

"Hesabu kamba, papa. Kamba mbili ndizo zinamubeba. Ya kwanza imefungwa kwa miti, basi miti inabeba nusu. Sisi tunabeba nusu ingine. Na kapi ya juu inageuza kamba, tunavuta tukiwa mbali na shimo."

"Nusu ya bure?"

"Bure haiko! Ngombe akipanda metre moja, sisi tunavuta metre mbili."

Wakavuta polepole. Kamba nyingi ilipita mikononi mwao, lakini hakuna aliyehema. Pembe zikatokea, kisha mgongo. Wakapitisha mbao nene chini ya kwato zake. Wakamshusha juu ya mbao hizo, wakamfungua. Gaju akatembea hadi kwenye majani, akaanza kula.

Hatungimana akalifunika shimo palepale. Kisha Akimana akamwambia, "Keti kwa gunia. Na mi nataka kujaribu."

Hatungimana akaketi kwenye magunia yaliyokuwa bado yamefungwa kwenye kapi, akicheka. Akimana akavuta peke yake. Miguu ya mume wake ikaachana na ardhi.

"Akimana, nishushe!"

"Ngoja," akasema Akimana. "Bado metre moja."