Damu ya Mwatima

Probox nyeupe iliacha lami ikashika barabara ya vumbi kuelekea Mwamapalala. Minza akakata kona nyuma yake, pikipiki ya Honda ikimrusha kwenye tandiko.

Redio ikakoroma sikioni.

"Twiga, hali?"

"Namwona. Yuko peke yake, na sanduku analo."

"Mteja wake tumemnasa Mwanza. Yeye hajui. Asimwage mbu hata mmoja."

Minza akaongeza mwendo. Sauti iliyomsumbua haikuwa ya redioni. Ilikuwa ya Daktari Mwatima, jana asubuhi kwenye simu, akimwomba aje upesi kwa kuwa kuna mtu anagusa vizimba vyake vya mbu. Kumlinda Mwatima ndiyo ilikuwa kazi ya Minza pale Bariadi. Akamjibu atapita jioni.

Jioni alimkuta sakafuni, shingo imevunjwa. Kizimba kimoja hakikuwepo.

Tangu hapo marehemu hakunyamaza kichwani mwake. "Jike hukutana na dume mara moja tu, Minza. Ile mbegu anaitunza tumboni, anaitagia maisha yake yote. Akitoroka mmoja, umetoroka ukoo."

Mbu wa kizimba kile hawakufa kwa dawa yoyote inayojulikana. Mwatima aliwazalisha ili atafute kitakachowaua. Mteja wa Mwanza alikuwa tayari na dawa yake ya siri. Alitaka wamwagwe kwenye majaruba ya mpunga, watoto waugue kwanza, kisha aje kuiuza kwa bei anayotaka.

Na aliyetumwa kuwamwaga ni Respicius, msaidizi wa Mwatima.

Msibani asubuhi alilia kuliko wafiwa. Kisha akamsalimia mzee Ndalahwa, na hapo akajichongea. Alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukaning'inia tu. Minza alizaliwa Migato. Kijana wa Kisukuma hampi mzee mkono bila kuushika kwa ule mwingine, hata awe amelewa chakari.

Akamfuata hadi kwenye tangi la maji, akamwona akipandisha shati la mikono mirefu. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba, umeumwa kwa umbo la mraba, kama kizimba kilivyo. Jike hatagi bila damu. Mwatima aliwalisha kila asubuhi kwa mkono wake, ukazoea, ukaacha kuvimba. Huu ulikuwa mkono mgeni kwa kazi hiyo.

Macho yao yakakutana. Respicius akakimbilia gari.

Sasa Probox ilizama kwenye mfereji wa jaruba. Respicius akashuka na sanduku, kidole kwenye komeo.

Minza akachomoa Glock.

"Dada Minza, nafungua."

"Alikufundisha kazi, Respi. Alikuita mwanangu."

"Sikutaka afe. Alipiga kelele."

Kidole kikasogea. Risasi ikampata begani, akaanguka matopeni, sanduku chini yake. Minza akamvuta kando, akamfunga pingu, akamwaga petroli ya pikipiki juu ya sanduku, akawasha. Moto ulikula wavu kwa sauti ndogo, na yeye akasimama akiutazama. Kwenye matumbo ya mbu wale kulikuwa bado na damu ya rafiki yake. Ilimuuma kama anamzika mara ya pili.

Kisha akasikia mlio sikioni.

Mmoja alikuwa ametoka kwenye ufa wa sanduku.

Minza aliogopa kuliko alivyoogopa lile komeo. Kumkimbiza ni kumpoteza. Lakini mbu hawa walilelewa kwa mkono, mchana kweupe. Akakunja shati, akanyoosha mkono wake kama Mwatima alivyofanya kila asubuhi, akatulia.

"Njoo, mama," akanong'ona.

Akaja. Akatua. Tumbo lilikuwa jekundu tayari.

Minza akapiga.

Kiganjani lilibaki doa la damu. Ilikuwa nyingi mno kuwa yake. Labda ya Respicius. Moyo wake ulikataa, ukasema ni ya Mwatima.

"Twiga, hali?"

"Wamekwisha. Leteni gari, na daktari."

Gari lilipomchukua Respicius, bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga alisogea tuta kwa tuta, akanyoosha mkono kumsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayo."

Minza alikitazama kiganja chake chenye doa. Akakitia mfukoni.

"Mwadila," akaitikia, mkono usitoke.

Bibi akamwangalia kama mtu asiyelelewa. Minza akaigeuza pikipiki iliyokauka mafuta, akaanza kuisukuma kuelekea lami, kwa mkono mmoja.