Nukta Iliyoitwa Saida

Nyota moja ilikuwa imesogea.

Faraji alizipanga tena zile picha tatu kwenye simu. Alizipiga uani kwake, mtaa wa Chuno, baada ya isha, simu akiibana kwenye jicho la darubini ya mtumba aliyoinunua dukani kwa Qasim. Nyota nyingine zote zilikaa palepale. Nukta moja nyekundu ilihama.

Alizituma kwenye kundi la watazama nyota. Wakajadiliana siku mbili. Ndege ingewakawaka, walisema, na setilaiti ingepita upesi. Nukta hiyo haikuwemo kwenye orodha yoyote ya nyota. Mmoja akamtania kwamba ameokota mwana angani, basi ampe jina.

Faraji akacheka, akaandika: Saida.

Jina hilo alikuwa amemchagulia bintiye, aliyekuwa na siku tano tu. Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, akinyolewa nywele. Kabla ya hapo jina halitajwi, na kichanga huitwa Mgeni. Sabra, mkewe, alipoambiwa, alimvuta mtoto kifuani.

"Baba Mgeni," alisema, "jina la mwanangu umempa nani?"

"Ni nukta tu, Sabra. Iko mbali kuliko mwezi."

Siku ya saba mtoto akanyolewa, akachinjiwa mbuzi, akaitwa Saida. Jioni ileile akakataa kunyonya. Chumba kikanuka tope la mikoko ingawa dirisha lilifungwa, na kila Sabra alipoamka, ziwa lake la kushoto lilikuwa tupu na mtoto analia kwa njaa. Siku ya kumi mbavu za mtoto zilihesabika.

Usiku huo mbingu zilitanda mawingu. Faraji alitoka na darubini yake kwa mazoea tu, akapiga picha, na hakuona nyota hata moja, ila nukta ilikuwepo. Akaitazama mpaka akaelewa kwamba kama mawingu yamezifunika nyota zote na hayakuifunika hiyo, basi hiyo iko huku, chini ya mawingu. Akaifuata kwa darubini ikishuka, ikapita mbele ya mnazi wa jirani, ikafika juu ya bati la nyumba yake mwenyewe, na bati kwa ukaribu wake lilionekana ukungu mtupu, lakini ile nukta ilikuwa safi, kubwa kama ngumi, na katikati yake palikuwa na kitu kinachofumba na kufumbua kama mdomo.

Kisha ikazama ndani ya bati, na kutoka chumbani akasikia mtoto akinyonya. Akakimbilia ndani akishukuru. Sabra alikuwa amelala, mtoto yuko ubavuni kwake, midomo imekauka na haisogei, na sauti ya kunyonya iliendelea.

Kulipokucha alimfuata fundi Mwajuma, mganga wa majini, huko Kitaya, akamleta nyumbani, kwa kuwa mtoto hatolewi nje kabla ya arobaini. Fundi aliitazama darubini, akacheka kwa dharau.

"Wenzio wanafunga madirisha, wewe umenunua kitu cha kuwasogeza majini karibu."

Alifukiza ubani, akasoma, akamwamuru aliyemo aseme. Sauti nyembamba ikatoka kooni mwa Sabra.

"Nimeitwa kwanza. Saida ni mimi. Huyo hapo hana jina, atoke kwa mama yangu."

Fundi alinong'ona kwamba jina likishatolewa halirudi. Mtoto akachinjiwa mbuzi mwingine, akaitwa Mwanahawa, na lile jini likaamriwa kurudi lilikotoka. Tangu hapo nukta haikuonekana tena pichani. Faraji aliiuza darubini. Mwanahawa akaanza kunyonya ziwa la kulia, akanenepa, na kliniki wakamsifu mama.

Sabra hakumwambia mtu kwamba kila magharibi ziwa la kushoto humvuta. Siku moja alikawia jikoni, na aliporudi chumbani alimkuta Mwanahawa amekuwa wa baridi hadi magotini, macho yamegeuka juu. Hajakawia tena. Hufunga mlango, huketi ukingoni mwa kitanda, hufungua vifungo na kuita kwa sauti ya chini, "Saida, njoo, mwanangu," kisha hukaza macho ukutani hadi lile jini lishibe, maana likishiba humwacha mwenzake alale.

Juzi, kwa mara ya kwanza, alihisi meno.