Nilitia Sahihi Kwamba Mama Aliiba Vijiko

Nina miaka thelathini na moja, mkazi wa Kitengela. Kwa miaka minne nimebeba jambo ambalo sijamweleza hata mchungaji wangu. Leo naliweka hapa, wasomaji wenzangu, mnihukumu mnavyotaka.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama alimfuata mwaka wa 1991, nikiwa darasa la nane. Niliacha shule nikaanza kufua nguo za watu, kwa sababu mdogo wangu Kyalo alikuwa na miaka mitano na Mbithe, kitinda mimba wetu, ndio kwanza anaongea.

Mama alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa bibi mmoja Mholanzi aliyekuwa na shamba upande wa Kajiado. Mama ndiye aliyemuuguza bibi huyo hadi akafa. Mama alituachia vijiko vitatu vidogo vya fedha. Aliniambia, "Yule bibi alinipa mwenyewe, kimoja kila nilipojifungua. Vitunze."

Nami nilivitunza... Kila Jumamosi nilivisugua kwa mchanga na waya wa sufuria mpaka vikang'aa kama kioo. Mbele vilikuwa na majina ya kizungu yaliyochongwa kwa kina. Nyuma kulikuwa na mistari myembamba sana, kama mikwaruzo ya sindano. Ile mikwaruzo ilinikera. Niliisugua kwa miaka kumi na miwili hadi ikaisha.

Mwaka wa 2003 nilikuwa nimechumbiwa na Mutiso, fundi wa mawe. Nilimwomba aniulizie vijiko hivi vilitengenezwa na nani, na vya nini. Akaondoka na kimoja. Wiki mbili baadaye alirudi ndani ya gari la mzungu!

Mzungu huyo alikuwa mpwa wa yule bibi, mzaliwa wa hapa hapa. Aliomba kuviona vyote. Akatoa lenzi, akasoma alama ndogo zilizogongwa kwenye mipini kama mtu anayesoma barua.

"Huyu simba ni alama ya fedha halali," akasema. "Kichwa hiki cha mwanamke ni cha serikali ya Uholanzi. Herufi hii ni ya mwaka. Na hizi mbili ni za fundi, alikuwa Amsterdam. Ni vijiko vya kuzaliwa, mtoto akizaliwa anapewa chake. Hiki kina jina la baba yangu. Mama yako alikitoa wapi?"

Vijiko vya kuzaliwa... Vitatu, na sisi tuko watatu! Nikamweleza alichosema mama.

"Shangazi hakuwahi kutoa kitu bila kuandika," akanijibu. "Alikuwa anachukua sindano, anaandika nyuma kwa Kiholanzi amempa nani. Nionyeshe maandishi, niende zangu."

Akavigeuza. Nyuma palikuwa peupe, panang'aa.

Ningesema nini? Kwamba nimefuta ushahidi wa mama yangu kwa mikono yangu, nikidhani ni usafi? Nilisema hivyo hivyo. Mutiso akacheka. "Ndinda, hata mtoto hawezi kuamini hiyo."

Siku iliyofuata tulikuwa Kajiado, kwa wakili. Karatasi ilikuwa imeshachapwa: mama yangu alichukua vijiko bila ruhusa, nami navirudisha kwa hiari. Nisipotia sahihi, tunaenda polisi. Mbithe alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la nane. Nikifungwa, nani atampikia? Mlango ulikuwa wazi, lakini mimi nilikuwa sina pa kutokea.

Mutiso akaninong'oneza, "Weka tu. Mama yako hawezi kufungwa, ameshakufa. Wewe uko na watoto."

Nikaweka.

Mwezi haukuisha kabla Mutiso hajapata kazi ya usimamizi kwa yule mzungu. Kisha watu wa kwao Mutiso wakatuma ujumbe kwamba hawawezi kuoa kwa mwizi. Sijui ni nani aliyewaonyesha nakala ya karatasi. Ilimfikia Kyalo pia.

"Dada, mama alikuwa mwizi?"

"Hapana."

"Na hii ni sahihi ya nani?"

Kyalo alihamia Illasit, kule mpakani na Tanzania, kulima nyanya. Mbithe hupokea salamu zake. Mimi sizipati.

Msomaji, usikubali mtu akuharakishe na kalamu. Omba hata siku moja, tafuta mtu wa kukusomea, na ukiulizwa juu ya marehemu wako sema unalolijua, hata kama wanakucheka. Nilidhani nanunua amani ya watoto... Nilimuuza aliyewazaa. Na kitu ulichoachiwa usichokielewa, kiulizie kabla hujakitia mkono.

Nilirudi kwa yule wakili mara mbili kuomba kuandika upya. Aliniambia faili limefungwa. Basi naandika hapa.

Kyalo, mama hakuiba. Mimi ndiye niliyeogopa. Ni mimi Ndinda, dada yako.