Dubu wa Wendell Yuko Palepale

"Trudy, televisheni yangu inaniambia mimi si mtu wa nyumba hii."

Corinne aliongea hivyo kwenye simu akiwa amesimama katikati ya sebule, rimoti mkononi, koti la kazini bado liko mwilini. Trudy, mwenzake wa mapokezi kwenye kliniki ya meno pale Duluth, alicheka kwanza, kisha akamwomba amsomee vizuri hicho kilichoandikwa.

Kilikuwa kifupi tu. Televisheni hii haimo kwenye nyumba ya mwenye akaunti. Ingiza namba tuliyomtumia mwenye akaunti, au fungua akaunti yako na ulipie kifurushi mwenyewe.

"Basi lipia," Trudy akasema. "Wanatubana wote siku hizi. Mimi si nilikuwa najibanza kwenye ya shemeji yangu? Wakanikata, nikanuna siku mbili, nikalipa. Sio pesa ya kukutoa roho, shoga."

"Silipi."

"Kahawa ya kununua unakunywa kila asubuhi."

"Sio pesa, Trudy. Mke halipi kiingilio nyumbani kwake."

Trudy alijua akiongeza neno watagombana na kesho wanakaa meza moja, akaaga.

Ngoja niwaeleze, maana mkiishia hapo mtamwona Corinne bahili wa bure. Akaunti ilikuwa ya Wendell, mumewe, dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani. Wendell aliondoka nyumbani theluji ilipoanza kuyeyuka, akahamia Superior, ng'ambo ya daraja, kwa maelezo kwamba anahitaji kupumua kidogo. Mtu anayekwenda kupumua akabeba na mashine ya kahawa, jamani, huyo kahama. Lakini Corinne aliwaambia watu wote kwamba Wendell amekwenda kupumua, akimaliza atarudi. Na aliamini hivyo kwa sababu alikuwa na ushahidi wake.

Ndoa yao ilikuwa na sheria moja: hakuna kutangulia. Tamthilia wanaitazama wote wawili, au haitazamwi. Wendell akisinzia, inarudishwa nyuma mpaka pale alipofumba macho. Corinne akiwa na mafua kalala, Wendell atatazama hoki au ukuta, hiari yake. Walishawahi kuvunjiana vyombo, walishawahi kununiana mwezi mzima, lakini sheria hiyo haikuguswa. Na tamthilia yao ya roho ilikuwa Hoteli ya Ashgrove, ile familia inayogombania hoteli ya marehemu baba yao. Siku Wendell anaondoka walikuwa wamefika katikati ya sehemu ya sita, msimu wa tatu. Bibi harusi kasimama nyuma ya mlango wa kanisa, mtu anagonga, hajaufungua. Wao wakaanza kugombana juu ya bomba la jikoni, na bibi harusi akabaki vilevile.

Ukifungua ile akaunti, zinakuja picha mbili. Dubu, huyo Wendell. Birika la chai, huyo Corinne. Basi Corinne akitoka kazini hakuwa anabonyeza birika. Alikuwa anambonyeza dubu, anachungulia ule mstari mwekundu chini ya Hoteli ya Ashgrove, unaoonyesha mtu kafika wapi. Uko palepale. Sehemu ya sita, katikati, mlango haujafunguliwa. Kiangazi kikapita, theluji ikarudi, msimu wa nne ukatoka na ule wa mwisho ukatoka, kliniki nzima wakawa wanausimulia na Corinne anaziba masikio na kukimbilia chooni. Dubu hajasogea. Naye Corinne akamwekea birika lake pembeni, akakataa kusogea hata kwa dakika moja.

"Ananisubiri," alimwambia dada yake Joelle.

Joelle alikuwa akiishi Fargo, mji mwingine mbali, na alikuwa amemtafutia mdogo wake kazi kwenye kliniki ya huko. Chumba kipo, kodi ni ya undugu, wenye kazi wanataka jibu kabla wiki haijaisha. Alikuwa anapiga simu kila siku.

"Ule ni mstari kwenye televisheni, Corinne. Sio mwanaume."

"Angekuwa kanisahau angeshaimaliza. Wewe humjui Wendell, hawezi kuacha tamthilia njiani. Na bado analipia, dada. Mwanaume gani anamlipia mwanamke asiyemtaka?"

Joelle akashusha pumzi, akasema atampigia tena kesho.

Sasa ndiyo hiyo televisheni imemfungia mlango, na dubu hamwoni tena. Corinne akavua koti, akalivaa tena, akampigia Wendell. Simu iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na ngurumo ya greda.

"Corinne? Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Televisheni inataka namba. Wamekutumia wewe."

"Namba ya nini?"

"Ya akaunti. Ya kuangalia."

Greda likatulia, ina maana Wendell amelisimamisha barabarani kwa ajili yake. Corinne alilisikia hilo, akaliweka moyoni.

"Aah," Wendell akasema. "Ngoja niangalie."

Ujumbe ukaingia muda si mrefu. "Hiyo hapo. Ingiza haraka, haikai muda mrefu."

Aliingiza, akakosea, akaingiza tena. Picha mbili zikaja. Akambonyeza dubu. Sehemu ya sita, katikati. Mnajua mtu anavyojisikia akikuta mlango wa nyumbani haujabadilishwa kitasa? Alikaa chini na koti lake, akalia kwa raha, kisha akaandika kabla ujasiri haujamtoka.

"Njoo Jumapili mchana. Tumalizie sehemu ya sita. Nitapika."

Jibu lilichelewa mpaka akaweka sufuria, akaipua.

"Sawa, Jumapili. Na mimi nina jambo nataka tuongee ana kwa ana."

Ungekuwa wewe, ungesomaje hapo? Corinne alisoma anavyotaka yeye. Akampigia Joelle hapohapo, akamwambia awaambie wenye kazi ahsante, haji. Joelle akamwuliza kama ana uhakika. Akasema Wendell anarudi, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo dada mtu hakuwa ameisikia tangu mwaka jana, akashindwa kubisha.

Jumapili Corinne aliosha nyumba kama anategemea wakwe. Akaoka viazi na nyama ya kusaga, jibini ikatokota juu, chakula alichopenda Wendell. Bomba la jikoni lililowagombanisha alikuwa kashalitengeneza zamani kwa mikono yake. Alitaka Wendell alione.

Wendell alikuja na theluji mabegani. Akavua viatu mlangoni, akaviweka mahali pake pa zamani bila kuambiwa. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikula kidogo, akasifia, akatazama bomba, akasema limekaa vizuri. Kila akitaka kuanza kuongea, Corinne anamwongezea chakula.

"Corinne, lile jambo nililosema."

"Tumalizie kwanza. Limesubiri muda wote huu, litasubiri sehemu moja."

Akamsogezea rimoti ambonyeze dubu wake mwenyewe. Wendell akaishika rimoti, akaitazama skrini, akabaki anazungusha kidole juu ya vitufe. Corinne akamnyang'anya kwa mzaha, akabonyeza yeye. Wakakaa kwenye lile kochi lao, Corinne upande wake, Wendell pembeni kabisa, nusu ya mwili nje.

Bibi harusi akatokea. Kanisani watu wanacheka, wasimamizi wanataniana, kinanda kinapigwa, mtu anagonga mlango. Bibi harusi anatabasamu, anarekebisha shela. Anashika kitasa.

Wendell akainama. Akavuta boksi la tishu chini ya meza, akaliweka taratibu mapajani kwa Corinne. Macho yake hayakutoka kwenye skrini. Alifanya kama alivyokuwa akifanya miaka yote, kwa sababu anamjua mkewe akilia hana mpaka.

Corinne akalitazama lile boksi. Akasimamisha picha.

"Tishu za nini?"

"Si unaliaga kwenye harusi."

"Watu wanacheka, Wendell. Mlango haujafunguliwa. Tishu za nini?"

Uso ukamwiva Wendell mpaka masikioni.

"Umetangulia," Corinne akasema.

"Corinne."

"Umetangulia. Na nani?"

"Na Bev. Yule wa ofisi ya magari, pale kazini."

"Mmefika wapi?"

"Tumemaliza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tumemaliza yote, mpaka msimu wa mwisho. Ndilo nililokuja kukwambia. Sio tamthilia. Mimi na Bev. Tunataka kuoana, nikaona nisikwambie kwenye simu. Nilitaka kusema tangu mlangoni, ukawa unanipakulia tu."

Ungetegemea Corinne apige kelele. Hakupiga. Aliinua kidole, akaonyesha skrini, na alichouliza ndicho kilichomshangaza Wendell kuliko matusi.

"Lakini dubu yuko palepale. Mimi namwangalia kila siku, hajasogea."

"Dubu gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Corinne aliona usoni mwake kuwa anauliza kweli, na hapo ndipo kitu ndani yake kilipokatika.

"Picha yako. Ulichagua mwenyewe. Tulicheka mpaka ukamwaga bia."

Wendell akatazama skrini muda mrefu, kisha akakumbuka, au alijifanya kukumbuka kwa huruma.

"Aah, hiyo. Hiyo siifungui siku hizi. Tunatumia ya Bev."

"Unailipia."

"Inajikata yenyewe kwenye kadi," Wendell akasema polepole, maana sasa alianza kuelewa alichokuwa akikivunja. "Nilishasahau kama ipo, Corinne. Mpaka uliponipigia ile siku."

Nje lilipita greda la mtu mwingine, vyombo mezani vikatikisika kidogo. Wendell akaanza kujikanyaga. Akasema haina shida, ataiacha akaunti iendelee, yeye hata haimuumi, na kila wakidai namba atamtumia. Alikuwa anamaanisha. Alikuwa mtu mwema wa namna hiyo, anayekuachia kitu asichokihitaji na kujiona kakupa.

"Nitoe kwenye akaunti," Corinne akasema.

"Sio lazima leo."

"Nitoe sasa hivi, nikiwa naona."

Wendell akatoa simu. Ilibidi amuulize paswedi, maana hakuikumbuka. Corinne akamtajia herufi moja moja: ilikuwa ni tarehe ya harusi yao na jina la mbwa wao aliyekufa. Wendell akaiandika kichwa kimeinama. Skrini ikazunguka kidogo, bibi harusi akapotea na mkono wake kwenye kitasa, yakabaki yale maneno: fungua akaunti yako na ulipie kifurushi mwenyewe.

Mlangoni, Wendell alipokuwa akifunga kamba za viatu, Corinne alimuuliza.

"Anaufungua?"

"Nani?"

"Bibi harusi."

Wendell akabaki ameinama. "Anaufungua. Ni kaka wa bwana harusi, kalowa mvua. Bwana harusi kafia njiani."

"Na hoteli?"

"Wanaiuza," akasema. "Mwisho wa yote wanaiuza, wanagawana." Akasimama, akataka kumshika bega, akaacha. Akaondoka.

Corinne aliondoa vyombo. Viazi vilikuwa vingi mno, vikaingia kwenye friji vilivyo. Akamwandikia Joelle: "Dada, ile kazi bado ipo?" Jibu lilikuja upesi, ina maana Joelle alikuwa amekaa na simu mkononi tangu mchana.

"Walimpa mtu mwingine juzi Ijumaa, mdogo wangu. Kuna nini? Nipigie."

Hakupiga. Alikaa upande wake wa kochi, boksi la tishu mapajani, halijaguswa, na giza la saa kumi na moja la majira ya baridi likawa limeshaingia ndani. Kisha akachukua pochi, akatoa kadi, akaanza kujaza. Trudy alikuwa amesema kweli, haikuwa pesa ya kumtoa mtu roho.

Televisheni ikamkaribisha kwa jina. Ikamuuliza nyumbani wako wangapi wanaotazama. Akajiweka yeye peke yake. Ikamuuliza kama anataka kuongeza mwingine, akabonyeza hapana, ikamuuliza tena kuhakikisha, akabonyeza hapana.

Hoteli ya Ashgrove ilikuwepo, ya kwanza kabisa. Msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza. Chini yake hakukuwa na mstari wowote, wala chini ya kitu kingine chochote, kama kwamba nyumba ile haijawahi kuwa na mtu aliyekaa kwenye lile kochi akatazama chochote.